Sepsisi inapochelewa kugunduliwa wodini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni muuguzi. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa wodini, kwenye korido, na mara nyingine msibani, na ndugu ambao mgonjwa wao aliingia hospitali akiongea, halafu siku mbili baadaye wakaambiwa "maambukizi yameshaingia kwenye damu". Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale magumu. Kama mgonjwa wako yuko kitandani sasa hivi na una wasiwasi, usianzie juu. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya "Ukiwa pembeni ya kitanda".

## Mambo ya msingi

Sepsisi ni nini? Ndiyo hiyo "sumu kwenye damu"?

Wengi huiita sumu kwenye damu, damu kuchafuka, au maambukizi kwenye damu. Majina hayo yanaeleweka, ila yanapotosha kidogo. Sepsisi ni hali inayotokea pale mwili, katika kupigana na maambukizi, unapopoteza mwelekeo na kuanza kuumiza viungo vyake wenyewe: figo, mapafu, ubongo, moyo, ini. Mishipa midogo ya damu inalegea na kuvuja, presha inashuka, viungo vinakosa damu ya kutosha. Tangu 2016 wataalamu wanaipima kwa viungo vilivyoanza kushindwa kazi. Homa peke yake haitoshi kuithibitisha, na kukosekana kwa bakteria kwenye damu hakuifuti. Wapo wagonjwa wengi wenye sepsisi ambao damu yao ikioteshwa maabara, yaani ikiwekwa ili bakteria waliomo wakue na kuonekana, haioti kitu.

Chanzo kinaweza kuwa nimonia, maambukizi ya mkojo, kidonda cha upasuaji, utumbo uliotoboka, mji wa mimba baada ya kujifungua, jino, jipu, hata mchubuko. Mara nyingi ni bakteria, lakini virusi, fangasi na vimelea vya malaria navyo vinaweza kumfikisha mtu hapo.

Inaambukiza?

Sepsisi yenyewe hapana. Maambukizi yaliyoianzisha, kama nimonia, ndiyo yanayoweza kumpata mwingine. Msimtenge mgonjwa wenu kwa sababu ya neno hili.

Ni tatizo kubwa kiasi gani?

Makadirio yaliyochapishwa 2020 yanasema kwamba mwaka 2017 pekee watu milioni 48.9 duniani walipata sepsisi, na milioni 11 walifariki. Hiyo ni karibu kifo kimoja kati ya kila vitano. Asilimia 85 hivi ya wagonjwa walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ndiko kwetu, na karibu nusu ya wote walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mei 2017 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziipe sepsisi kipaumbele. Pamoja na hayo yote, bado kuna ndugu wanaozika bila kuwahi kulisikia neno hili.

## Kwa nini haionekani

Mgonjwa alikuwa wodini, madaktari wanapita kila asubuhi. Iweje wasione?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linaulizwa kwa uchungu, kwa hiyo nalijibu kwa urefu.

Mara chache sana dalili huwa hazipo. Huwa zipo, lakini zimetawanyika. Nesi wa asubuhi ameona mapigo ya moyo yamepanda kidogo. Wa mchana amesikia mgonjwa akisema amechoka. Wa usiku ameona mfuko wa mkojo una kiasi kidogo. Daktari amekuta joto liko kawaida. Kila kimoja kikiwa peke yake kina maelezo: maumivu, usingizi mbaya, hajanywa maji, hajazoea hospitali. Vikiwekwa pamoja kwenye karatasi moja vinasema jambo moja, ila mara nyingi hakuna aliyeviweka pamoja, kwa sababu zamu zimebadilika mara tatu na katika kukabidhiana kilichosemwa ni "kitanda namba nane anaendelea vizuri".

Kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote ni pumzi. Mtu mzima akiwa ametulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Katika sepsisi pumzi hupanda mapema, aghalabu kabla presha haijashuka. Kuihesabu hakuhitaji mashine, kunahitaji saa na dakika moja, na kwenye wodi yenye wagonjwa 40 na wauguzi wawili dakika hiyo ndiyo inayokosekana. Niliwahi kupokea zamu ya usiku nikakuta karatasi ya mama mmoja imeandikwa pumzi 20, 20, 20, 20 tangu alfajiri. Nikakaa pembeni yake nikahesabu dakika nzima. Zilikuwa 34. Zile ishirini zilikuwa zimenakiliwa, na kabla ya usiku huo nami nilikuwa nimewahi kunakili.

Sababu nyingine ni jina la kwanza. Mgonjwa akishaandikwa "malaria" au "vidonda vya tumbo" wakati wa kulazwa, kila dalili mpya inavutwa iingie kwenye jina hilo. Rory Staunton, mvulana wa miaka 12 wa New York, alichubuka mkono akicheza mpira wa kikapu shuleni mwaka 2012. Alipopelekwa hospitali anatapika na ana homa, ilidhaniwa ni ugonjwa wa tumbo na kupungukiwa maji, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Majibu ya damu yaliyoonyesha hatari yalitoka akiwa ameshaondoka. Alifariki siku chache baada ya kuumia. Mwaka uliofuata jimbo la New York lilizilazimisha hospitali zake zote kuwa na utaratibu wa kuitambua na kuitibu sepsisi, na kanuni hizo zinaitwa kwa jina lake.

Hakuwa na homa kabisa. Inawezekana ikawa sepsisi?

Inawezekana. Wazee, watoto wachanga, wenye utapiamlo, wanaoishi na VVU ambao kinga imeshuka, na wanaotumia dawa za kupunguza kinga wanaweza kukosa homa, au joto lao likashuka chini ya nyuzi 36. Joto la chini kwa mgonjwa mwenye maambukizi ni ishara mbaya, si nafuu. Tena aliyemeza panado saa mbili kabla ya kupimwa atakuwa na joto zuri kwenye karatasi. Na mzee anayetumia dawa za presha za kupunguza kasi ya moyo anaweza kuwa na mapigo ya kawaida huku akizidiwa.

Walimkuta na malaria. Si ndiyo iliyomuua?

Huenda, lakini kipimo cha malaria kuonyesha vimelea hakifuti maambukizi ya bakteria. Kwenye maeneo yenye malaria nyingi mtu anaweza kuwa na vimelea huku kinachomuua ni kingine. Kwa watoto mambo hayo mawili hata husaidiana: utafiti wa Kilifi uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba malaria inamwongezea mtoto hatari ya bakteria kuingia kwenye damu.

Halafu kuna upande wa pili, pale malaria inapoandikwa na haipo. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008. Asilimia 60.7 waliandikiwa malaria. Walipochunguzwa kwa kina, waliokuwa na malaria kweli ni asilimia 1.6. Karibu mmoja kati ya kumi alikuwa na bakteria kwenye damu. Vipimo vya haraka vya malaria vimeenea zaidi tangu wakati huo, ila mazoea ya kusema "homa ni malaria" hayajaisha, hospitalini wala nyumbani.

Majibu ya kuotesha damu hayajatoka. Si lazima tusubiri?

Hapana. Kuotesha damu huchukua siku mbili, tatu au zaidi. Damu inachukuliwa kabla ya dozi ya kwanza pale inapowezekana, halafu dawa inaanza papo hapo. Majibu yakija yanasaidia kubadilisha dawa au kuiacha. Hospitali isiyo na maabara ya kuotesha bado inaweza kuitambua sepsisi kwa saa ya ukutani, mashine ya presha, kipimajoto na mfuko wa mkojo.

Kifaa cha kidoleni kilionyesha oksijeni 94. Mbona walisema amezidiwa?

Kifaa hicho husoma kwa mwanga unaopita kwenye ngozi, na kwa ngozi nyeusi wakati mwingine husoma juu kuliko hali halisi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2020 ulikuta kwamba upungufu wa oksijeni ulifichika kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Mikono ikiwa ya baridi na damu haifiki vidoleni, kifaa kinakosea zaidi. Kwa hiyo namba ile isomwe pamoja na pumzi.

Vivyo hivyo kwa rangi ya ngozi. Vitabu vingi vinaeleza ngozi kupauka au kuwa na mabaka, na picha zake ni za Wazungu. Kwa mtu mweusi angalia midomo, fizi, ndani ya kope, viganja na nyayo. Bonyeza ukucha kisha achia: rangi ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, damu haizunguki vizuri.

## Habari ya saa

Ni kweli kila saa ina maana?

Ndiyo, hasa presha ikishashuka. Utafiti mashuhuri wa 2006, uliofanywa Kanada na Marekani, uliangalia wagonjwa ambao sepsisi ilikuwa imewashusha presha. Waliopata dawa sahihi ndani ya saa ya kwanza walipona karibu wanane kati ya kumi. Katika saa sita za mwanzo, kila saa iliyocheleweshwa iliendana na kupungua kwa nafasi ya kupona kwa wastani wa asilimia 7.6.

Mwongozo wa kimataifa wa 2021 unasema: presha ikiwa imeshuka, au sepsisi ikiwa na uwezekano mkubwa, dawa ziingie ndani ya saa moja. Ikiwa ni wasiwasi tu na presha ni nzuri, mgonjwa achunguzwe haraka, na wasiwasi ukibaki dawa ziingie ndani ya saa tatu.

Dawa iliandikwa saa nne asubuhi. Mbona tunaambiwa alichelewa?

Kuandikwa na kuchomwa ni vitu viwili. Katikati yake kuna dirisha la dawa, foleni ya malipo, bima kuhakikiwa, chupa kukosekana, ndugu kutumwa duka la nje, na nesi aliyekwenda kumsindikiza mgonjwa mwingine. Nimeona dawa iliyoandikwa saa nne ikaingia mshipani saa kumi. Ukipewa karatasi ya kununua dawa ya sindano kwa mgonjwa aliyezidiwa, uliza: "Hii ni ya kuanza sasa hivi? Mnayo dozi ya kwanza ya kuanzia wakati nakwenda kununua?" Wodi nyingi huwa na akiba ndogo ya dharura, lakini mara nyingi hutolewa kwa anayeuliza.

Dozi ya pili nayo hupotea, hasa mgonjwa anapohamishwa wodi. Muulize nesi wa wodi mpya dozi inayofuata ni saa ngapi.

Kama ni hivyo, kwa nini wasimpe kila mgonjwa antibiotiki?

Kwa sababu dawa hizo zina madhara, na bakteria wanazizoea. Sepsisi iliyosababishwa na bakteria sugu ni ngumu kuliko ile ya kawaida, na usugu unatengenezwa na matumizi ya ovyo, pamoja na vidonge tunavyonunua mtaani nusu dozi.

Waliweka dripu moja tu. Si angepona wangemwekea nyingi?

Hapa naomba msomaji awe na subira, maana jambo lenyewe linakwenda kinyume na tunavyodhani. Mwongozo wa kimataifa unapendekeza maji mengi mapema, ila ushahidi wake mwingi umetoka kwenye hospitali zenye mashine za kupumulia. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ukachapishwa 2011, uliwahusisha watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliopewa maji mengi kwa haraka walifariki zaidi: asilimia 10.6 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa ambao hawakupewa kwa njia hiyo. Mwaka 2017 utafiti wa Zambia kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini ukakuta hali inayofanana: vifo asilimia 48.1 kwa waliowekewa maji mengi kwa utaratibu maalumu, dhidi ya 33.0 kwa waliotibiwa kama kawaida.

Maji bado ni tiba. Yanatakiwa yaingie kwa kiasi, huku mtu akirudi kuangalia pumzi, mapafu na mkojo. Daktari anayepunguza kasi ya dripu si lazima awe ametelekeza mgonjwa.

## Wagonjwa wanaopitwa zaidi

Amejifungua siku nne zilizopita. Anatetemeka na tumbo linauma. Si uchungu wa kawaida wa uzazi?

Usikubali jibu hilo kabla hajapimwa. Baada ya kujifungua, hasa kwa upasuaji, kondo kubaki ndani au mimba kuharibika, mji wa mimba unaweza kuingia maambukizi. Kutetemeka, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu ya tumbo yanayoongezeka badala ya kupungua, moyo kwenda mbio: arudi hospitali leo, hata kama yuko ndani ya arobaini na wazee wanasema asitoke. Wazazi wengi ni vijana wenye mioyo yenye nguvu, kwa hiyo presha hujizuia kwa muda mrefu kisha huanguka ghafla.

Akiwa anapewa rufaa, dozi ya kwanza ichomwe kabla gari halijaondoka. Safari ya saa tatu bila dawa ni saa tatu zilizopotea (tazama "Ni kweli kila saa ina maana?").

Na mtoto mchanga?

Mchanga hawezi kulalamika, na dalili zake ni chache: ameacha kunyonya vizuri, amelegea na hajishughulishi mpaka aguswe, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea kuelekea ndani, degedege, joto kupanda au mwili kuwa wa baridi. Moja tu inatosha kumkimbiza. Mama akisema "leo hanyonyi kama jana", hiyo ni taarifa ya kitabibu na iandikwe.

Bibi amechanganyikiwa tangu jana. Si uzee?

Uzee hauji usiku mmoja. Mzee aliyekuwa anawataja wajukuu wake kwa majina juzi, na leo anamwita kijana wake kwa jina la marehemu kaka yake, ana jambo jipya mwilini, na mkojo au kifua ni pa kuangalia kwanza.

Alifanyiwa upasuaji vizuri. Siku ya tatu tumbo likajaa.

Maumivu yanayozidi, tumbo kuvimba na kuwa gumu, moyo kwenda kasi bila kupungua: hapo lazima ifikiriwe mshono wa ndani uliovuja au usaha uliojificha. Antibiotiki peke yake haitoshi kama usaha umebaki ndani. Uliza wazi: "Chanzo kimepatikana? Kinatolewa lini?"

## Ukiwa pembeni ya kitanda

Niangalie nini, mimi nisiye mtaalamu?

Wewe una kitu ambacho sisi hatuna: unamjua. Angalia mabadiliko. Hajauliza habari za watoto. Uji wa asubuhi uko pale pale. Hakutambui, au anasinzia katikati ya sentensi. Hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima, bila kumwambia. Kwa mtu mzima 22 au zaidi iseme. Mikono na miguu ni ya baridi ingawa mwili unachemka. Kwa mtu wa kilo 60, mkojo usishuke chini ya mililita 30 hivi kwa saa. Kama mfuko haujaongezeka tangu ulipokuja, sema. Na kama hamruhusiwi kuingia mpaka saa za kuona wagonjwa, muulize mgonjwa wa kitanda cha jirani. Huyo ameshinda naye usiku kucha.

Nitasemaje bila kuonekana mjuaji au kugombana?

Hofu hii naijua, na inatokana na majibu ambayo baadhi yetu tumewapa watu. Sema kwa heshima, lakini kwa namba na saa: "Samahani sista, mama tangu saa mbili usiku hanitambui. Nimehesabu pumzi 30. Hajakojoa tangu mchana. Naogopa isije ikawa sepsisi. Naomba apimwe sasa, na daktari wa zamu aitwe." Usiseme tu "hali si nzuri", maana wodini kila mtu hali si nzuri. Usipopata jibu, mwombe muuguzi kiongozi wa zamu, kisha mganga mfawidhi. Andika kwenye simu yako saa uliyosema na uliyemwambia.

Kuna nchi ambako ndugu wana haki ya kuita timu nyingine?

Zipo. Queensland, Australia, ilianzisha utaratibu wa hatua tatu unaoitwa Ryan's Rule, kwa jina la mtoto aliyefariki 2007 kwa maambukizi ambayo hayakutambuliwa mapema. Uingereza, Martha Mills wa miaka 13 aliumia kongosho kwa kuanguka na baiskeli, akapata sepsisi wodini, akafariki Agosti 2021. Wazazi wake walikuwa wameeleza wasiwasi wao. Mchunguzi wa vifo aliona kwamba kuna uwezekano mkubwa angepona kama angehamishiwa mapema kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Tangu 2024 hospitali za huko zimeanza kutekeleza Martha's Rule: familia inaweza kuita, usiku au mchana, timu nyingine inayohudumia wagonjwa mahututi ije kumwona mgonjwa, na ndugu wanaulizwa kila siku wanamwonaje. Ninautaka utaratibu huo wodini kwetu. Kuuliza "leo mnamwonaje?" hakuhitaji bajeti.

## Baada ya yote

Amepona, lakini si yule wa zamani. Kuna kilichokosewa?

Si lazima. Uchovu wa miezi, kusahau, ndoto mbaya, nywele kukatika, misuli kuisha, huzuni: haya hutokea kwa wengi waliopona sepsisi, na baadhi hulazwa tena kwa maambukizi mapya. Msimwambie anadeka. Akipata homa au kuchanganyikiwa tena, mwambieni daktari mapema kwamba aliwahi kupata sepsisi.

Cheti cha kifo kimeandikwa "nimonia". Sepsisi haikutajwa. Wanaficha?

Mara nyingi hapana. Cheti hutakiwa kutaja ugonjwa ulioanzisha yote, na sepsisi ni njia ambayo ugonjwa huo ulipitia. Ila ndiyo sababu mojawapo ya sepsisi kutoonekana kwenye hesabu zetu.

Tulishazika, bila uchunguzi wa mwili. Bado tunaweza kuuliza?

Mnaweza. Familia nyingi huzika siku ile ile, na hilo halifungi mlango. Anzeni kwa mganga mfawidhi wa hospitali au ofisi ya ustawi wa jamii, mkiomba kikao cha kuelezwa na muhtasari wa matibabu kwa maandishi. Msiporidhika, Tanzania Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kenya kuna Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Pelekeni saa na tarehe mlizoandika.

Kwenye kikao hicho ombeni kuonyeshwa karatasi ya vipimo, na muulize nyakati nne kati ya zilizoandikwa humo: saa pumzi zilipopanda kwa mara ya kwanza, saa daktari alipoitwa, saa alipofika, na saa dozi ya kwanza ilipoingia mshipani. Kama safu ya pumzi iko tupu, au ina namba moja iliyojirudia siku nzima, ombeni hilo nalo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.